Madhabahu, Hema na Kisima

Somo: Mwanzo 26:1–25 na mstari wa 32. Soma pia 2 Wafalme 3:9–20 na Mhubiri 11:1–6.

Haya ni mahubiri ya Jumapili iliyopita kwa ufupi, kwa wale waliokuwa kazini na kwa wale walioniambia pale mlangoni, "Pasta, hiyo tuandikie tukaisome pole pole nyumbani." Fungua Biblia yako Mwanzo 26 uiweke karibu, maana leo tunatembea na mtu mmoja tu, Isaka mwana wa Ibrahimu.

Wengi wetu tunamjua Isaka kama kijana aliyepandishwa mlimani na baba yake, ama kama mzee asiyeona aliyewabariki Yakobo na Esau. Sura ya 26 inatuonyesha Isaka mwingine. Huyu ni mkulima, tena mkulima wa mwaka mbaya. Sura inaanza na njaa nchini. Njia ya kwenda Misri iko wazi, kule kwenye mto usiokauka, na baba yake aliwahi kuifuata njia hiyo. Mungu anamwambia asishuke Misri. Akae Gerari, katika nchi atakayoonyeshwa. Isaka anakaa, anapanda, na mwaka ule ule anavuna mara mia.

Hapo ndipo wahubiri wengi hufunga Biblia na kusema, "Pokea mara mia yako!" Kanisa linapiga makofi, tunaenda nyumbani. Lakini sura haijaisha, mpendwa. Kuanzia mstari wa 15 mpaka wa 32 kuna neno moja linalorudi na kurudi: kisima. Isaka anachimba. Anafukua visima vya baba yake vilivyofukiwa na Wafilisti. Anachimba kingine, wanagombana naye. Anachimba cha pili, wanagombana tena. Anasogea, anachimba cha tatu. Ukifika mstari wa 25, ameshafika Beer-sheba, na mstari ule mmoja unataja vitu vitatu mahali pamoja: Isaka anajenga madhabahu, anapiga hema, na watumishi wake wanachimba kisima.

Madhabahu, hema na kisima. Hayo ndiyo mafundisho yetu matatu. Na swali la leo ni hili: mvua ikibadilika, mkulima aliyeokoka anafanya nini?

Mvua yetu imebadilika

Sihitaji kumhubiria mtu wa Ngoliba ama Gatuanyaga kwamba mvua imebadilika. Yeye ndiye angenihubiria mimi. Zamani ulijua mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, na mvua fupi ni Oktoba mpaka Desemba. Ulitayarisha shamba, ukapanda, ukangoja. Siku hizi inanyesha wiki moja, mahindi yanaota vizuri, unamshukuru Mungu, halafu jua linawaka wiki tatu na yote yanakauka. Unarudi agroveti kununua mbegu mara ya pili. Ukishapanda mara ya pili, mvua inakuja kwa hasira na kubeba udongo pamoja na mbegu.

Kumbukeni tulikotoka. Kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosa katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Februari 2023 taifa letu lilikusanyika kuomba mvua katika uwanja wa Nyayo, Nairobi. Mvua ikaja. Mwisho wa mwaka ule ule tulikuwa tunalia na mafuriko ya El Nino. Halafu masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini.

Hebu tufikiri pamoja. Tuliomba maji na Mungu akatoa maji. Yalienda wapi? Yale ya Chania na Thika yalipita hapa kwetu yakashuka Tana hadi baharini. Yale ya Mto Ruiru yakaingia Athi, nayo yakaenda baharini. Miezi michache baadaye tulikuwa tunatazama juu tena tukisema, "Bwana, tukumbuke." Bwana alikuwa ametukumbuka. Sisi ndio hatukuwa na mahali pa kuweka jibu lake.

Kwanza: madhabahu

Isaka anaanza na madhabahu, na sisi tunaanza hapo. Mtu asikwambie maombi ya mvua ni ushamba. Eliya aliomba mvua. Kanisa hili litaendelea kuomba mvua, na mkesha wetu wa mwisho wa mwezi uko pale pale.

Lakini kwenye madhabahu lazima tuondoe uongo fulani. Uongo wa kwanza ni kwamba ukame ni ushahidi wa dhambi yako. Nimesikia watu wakinong'ona kuhusu jirani ambaye shamba lake limekauka: ati kuna kitu alifanya, ati kuna laana kwa hiyo boma. Yesu alisema katika Mathayo 5:45 kwamba Baba huwapa mvua wenye haki na wasio haki. Na katika Luka 13, alipozungumza juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa fikira kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Mama mjane wa Gatuanyaga aliyepoteza maharagwe yake hahitaji kutafutiwa dhambi. Anahitaji mbegu ya msimu ujao na mtu wa kumsaidia kuchimba.

Na tukitaka kuongea juu ya dhambi, tuiongee yote. Wanasayansi wametueleza kwamba moshi wa viwanda, magari na mitambo ya umeme wa makaa ya mawe ndio unaoipasha dunia joto. Afrika yote inatoa sehemu ndogo ya moshi huo, chini ya asilimia 5. Kwa hiyo mkulima wa robo eka kule Munyu analipia moto ambao hakuuwasha. Isaka naye hakuvifukia visima vya baba yake. Wafilisti ndio waliovifukia. Ni haki viongozi wetu wadai, kama walivyokutana Nairobi Septemba 2023 kwenye mkutano wa Afrika wa hali ya hewa. Wadai, na sisi tuwaombee wadai kwa nguvu. Lakini angalia Isaka: alikuwa na kesi nzuri dhidi ya Wafilisti, na bado alishika jembe.

Uongo wa pili nitausema kwa upole, na Mchungaji wetu mkuu amenibariki niuseme. Kuna watu wanafundishwa kwamba ukitaka mvua juu ya shamba lako, chukua pesa yote ya kupandia uilete madhabahuni kama mbegu ya imani. Wapendwa, 2 Wakorintho 9:10 inatofautisha vitu viwili: Mungu humpa mpanzi mbegu, na tena humpa mkate wa kula. Mbegu ya mahindi inaenda kwenye udongo. Fungu la kumi linatoka kwenye mavuno, na sadaka ya hiari inatoka moyoni. Pesa ya mbegu ukiileta hapa huku watoto wako watalala njaa Februari, hiyo inafanana na kucheza kamari kuliko imani. Hapa kanisani kwetu hakuna mtu atakayekuomba pesa ya mbegu ya shamba. Siku ukinisikia mimi nikikuomba, niletee karatasi hii uniwekee mkononi.

Madhabahu ya kweli inampa mkulima nguvu ya kurudi shambani. Soma 2 Wafalme 3. Wafalme watatu wako jangwani siku saba, hakuna maji ya watu wala ya wanyama. Wanamwendea Elisha. Neno la Bwana linakuja, na linaamuru bonde lijazwe mitaro. Hawataona upepo, hawataona mvua, na bonde litajaa maji. Asubuhi maji yakaja. Lakini usiku ule kuna askari waliochoka, wenye kiu, waliochimba mitaro mahali pakavu kwa sababu ya neno tu. Ile mitaro ilikuwa sehemu ya maombi yao. Amina?

Pili: hema

Hema maana yake Isaka aliamua kukaa. Hapa nataka kuongea na watu wa Ruiru, Juja na Thika kwa sababu sisi tuna jaribu letu wenyewe. Sehemu nyingine za Kenya, mvua ikikosa mtu anauza mbuzi. Hapa kwetu mvua ikikosa misimu miwili, broka anapiga simu.

Mnajua jinsi inavyokwenda. Shamba la nyanya ya kahawa eka mbili. Kahawa ilishuka bei, mahindi yamekauka mara mbili, kuna deni la karo. Broka anakuja na gari safi, anapima, anakata vipande vya 50 kwa 100, na ndani ya miezi sita kuna beacon kila mahali. Pesa inaingia. Baada ya miaka mitatu pesa imeisha, gari limeuzwa, na kijana aliyekuwa na eka mbili anaendesha bodaboda ya mtu mwingine mbele ya lango la shamba lililokuwa lake. Simhukumu mtu. Kuna familia zilizouza kipande kwa hekima, zikajenga nyumba za kupangisha, na leo zinasomesha watoto. Isaka mwenyewe alihama, mara mbili alisogea kutoka kisima kimoja hadi kingine. Kuhama si dhambi. Swali ni kama unauza kwa mpango ama unauza kwa hofu.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na somo moja la darasani limenisaidia madhabahuni kuliko mengine: usiuze mali inayozaa ili kulipa matumizi ya mwezi. Ardhi inazaa. Hata ikizaa kidogo mwaka huu, bado ni tumbo. Kabla ya kuweka sahihi, jiulize mambo matatu. Je, shamba limeshindwa, ama ni zao moja lililoshindwa? Je, nimewahi kulima hapa nikiwa na maji, hata mara moja? Je, mke wangu na watoto wangu wanajua?

Hilo la mwisho ni la sheria pia. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inakataza kuuza mali ya ndoa bila kibali cha mwenzako. Na shamba la kilimo linapitia bodi ya ardhi. Lakini usingoje bodi. Akina mama wengi wa kanisa hili ndio wanaolima, na jina kwenye hati si lao. Mzee, ukimficha mtu aliyeinama juu ya udongo huo miaka 20, hiyo madhabahu unayopiga magoti mbele yake ina shida.

Na wewe unayeishi ploti Ruiru, usiniambie hili fundisho si lako kwa sababu huna shamba. Una mama Gatundu, ama Murang'a, ama Kitui, ama Siaya. Anakupigia simu Septemba akiomba pesa ya mbegu na mbolea. Unamwambia, "Mama, ngoja mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unamwambia ngoja kidogo. Unatuma katikati ya Novemba, mvua imeshapita nusu. Halafu Februari unatuma pesa ya unga kila wiki, na ukijumlisha umetuma mara nne ya ile aliyoomba. Mpendwa, mama akiomba mbegu Septemba, tuma Septemba. Hiyo ndiyo hema yako.

Tatu: kisima

Sasa tufike kwenye jembe. Angalia kwa makini aina ya visima alivyochimba Isaka.

Kuna visima vya zamani. Mstari wa 18 unasema alifukua vile vya baba yake na kuviita majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Sasa nisikilizeni, hasa vijana wa Kikuyu mliozaliwa mjini. Nyanya zetu waliita mvua ndefu mbura ya njahi, na mvua fupi mbura ya mwere. Njahi mnaijua, ile mnayokula kwenye ruracio. Mwere ndio uwele. Msimu wenye mvua chache waliuita kwa jina la nafaka inayovumilia kiu! Walijua. Waliacha ujumbe kwenye jina la msimu. Sisi tukaja tukaweka mahindi misimu yote miwili, juu na chini, Gatundu kwenye mvua na Ngoliba kwenye ukavu, halafu tukashangaa. Watoto wetu wengi hawajawahi kuuona mwere shambani. Hicho ni kisima kilichofukiwa. Kifukue. Mtama, wimbi, mbaazi, kunde, njahi, mihogo, viazi vitamu: hivi si vyakula vya maskini. Ni visima vya baba zetu.

Kuna visima vipya pia. Isaka hakuishia kwenye vya baba yake, na sisi tusiishie hapo. Mungu ametuwekea watafiti mlangoni. Pale Kandara, juu kidogo ya Thika, kuna kituo cha KALRO cha utafiti wa matunda na mboga. Ruiru tuna taasisi ya utafiti wa kahawa, ile iliyotoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, aina zinazostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Wakulima wengine hawang'oi mti wa zamani wa SL28. Wanaukata na kupandikiza Batian juu yake, wanabaki na mizizi mirefu ya mzee na matawi ya kijana. Nikiona hivyo namkumbuka Paulo na mzeituni wake katika Warumi 11. Na kwa wa mahindi, Katumani kule Machakos walishatupa mahindi yanayokomaa haraka kabla jua halijayamaliza. Enda uulize. Afisa wa kilimo wa wadi analipwa na kodi yako.

Kuna kisima cha maji yenyewe. Hapa wacha nipige hesabu, mnajua napenda hesabu. Paa la mabati la mita 6 kwa 10 ni mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 10, ile ya saa moja ya jioni tu, inaangusha lita 600 juu ya paa hilo. Mwaka ukileta milimita 800, hizo ni lita 48,000. Ni mitungi 2,400 ya lita 20. Utapoteza nyingine kwenye mifereji, sawa, toa hata robo. Bado ni maji mengi yanayotoka kwenye paa lako na kwenda kuchimba mtaro mbele ya nyumba ya jirani.

Udongo nao ni tangi. Kuna mitaro inayochimbwa kukingama mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu. Wakamba waliieneza sana Machakos, na vitabu vya udongo vya dunia nzima vinaiita kwa Kiswahili chetu: fanya juu. Kuna mashimo ya zai, ambayo mzee Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso aliyafufua miaka ya 1980 katika ukame mkali. Alipanua shimo dogo, akaweka samadi kabla ya mvua, akapanda humo. Watu walimwona kama amerukwa na akili. Udongo uliokufa ukazaa tena. Shimo, samadi, na nyasi kavu juu kufunika udongo. Hakuna mkopo hapo.

Na ukisema hayo ni ya mbali, vuka daraja uende Yatta. Barabara ya Garissa tu, ukipita Kilimambogo. Mwaka 2009, ukame ulikuwa umewafikisha watu mahali pa kungoja chakula cha msaada, kile Wakamba wanaita mwolyo. Askofu Titus Masika, mtumishi kama sisi, alianzisha mpango akauita Operation Mwolyo Out, yaani mwolyo uondoke. Alianza na fikra za watu, kwamba Mungu hakuwaumba kuwa wapanga foleni. Halafu wakachimba. Kila boma bwawa la kukinga maji ya mvua yanayotiririka, na walifanya kwa vikundi, leo kwako, kesho kwangu, kama chama cha mzunguko, ila badala ya pesa wanaleta jembe. Hakuna aliyeanza na trekta. Yatta ni kavu kuliko hapa kwetu! Mungu wa Yatta si mwingine.

Ugomvi wa visima

Isaka alipopata maji, matatizo hayakuisha. Kisima kimoja alikiita Eseki, kwa sababu waligombana naye. Kingine akakiita Sitna, uadui. Mpendwa, ukianza kufanikiwa na maji, jiandae. Kutakuwa na jirani wa juu anayesukuma pampu mchana na usiku mpaka wa chini hana hata ya mbuzi. Kutakuwa na anayelima mpaka ukingoni mwa mto. Na wengine wao ni watu wa kanisa, tena wana viti vya mbele.

Hatuwezi kuomba mvua Jumapili na kumkaushia jirani mto Jumatatu. Kama una pampu, kaeni chini na jirani mpange siku. Mto una ukingo, uache upumue, panda miti ya asili pale. Isaka aliendelea mpaka akapata Rehobothi, mahali penye nafasi, na alisema nafasi hiyo ni yetu, si yangu peke yangu.

Usiweke yote kwenye kapu la mvua moja

Mhubiri 11 ni sura ambayo ningeiweka ukutani kwa kila mkulima. Mstari wa pili unashauri ugawe fungu lako kwa saba, hata kwa wanane, kwa kuwa hujui baya gani litaijia nchi. Mstari wa nne unaonya kwamba mtu anayeutazama upepo siku zote hatapanda kamwe. Mstari wa sita unasema panda asubuhi, na jioni mkono wako usilale, maana hujui ipi itafaulu.

Sasa ukiuweka shambani: usipande eka yote siku moja mvua ya kwanza ikidondoka. Panda kipande, ngoja, panda kingine. Changanya mahindi ya muda mfupi na mbaazi ama mtama. Pesa ya pembejeo igawe, weka sehemu kando ya kurudia kama mvua itadanganya. Mbolea usiinunue kwa mkopo wa simu, riba yake haingoji mvua. Sikiliza utabiri wa idara ya hali ya hewa kwenye redio. Yesu hakukataza watu kusoma mawingu. Katika Luka 12 aliwashangaa waliojua kusoma mbingu na wasijue kusoma majira ya Mungu. Jua yote mawili.

Na ukivuna, tunza. Mwaka 2004 zaidi ya watu 100 walikufa kwa sumukuvu katika Makueni, Kitui, Machakos na hapa Thika, kwa mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Mvua isiyo ya wakati ndiyo inaleta hiyo. Kabla ya kuweka ghalani, chukua chupa kavu ya glasi, weka mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Yusufu hakuokoa Misri kwa ndoto tu. Aliweka nafaka vizuri miaka saba.

Kazi ya wiki hii

Madhabahu: Jumamosi asubuhi, familia isimame shambani, ama kwenye kile kipande ulicho nacho, muombe hapo hapo. Wewe wa ploti, simama mbele ya bustani yako ya gunia. Kama huna, ianze. Maji ya kusuuza mboga yanatosha sukuma wiki na managu ya nyumba moja.

Hema: kama kuna mazungumzo ya kuuza ardhi nyumbani kwenu, yasimamishe kwa wiki mbili, na muyaweke mezani mkiwa wote. Ukihitaji mtu wa kukaa nanyi, ofisi ya kanisa iko wazi Jumanne na Alhamisi. Na kama mama amekupigia simu, unajua la kufanya.

Kisima: kila kikundi cha seli kichague boma moja, kuanzia kwa wajane na wazee, mchimbe mtaro mmoja ama mashimo 20 kabla mvua haijaanza. Wiki inayofuata mhamie boma lingine. Baraza la wazee limekubali tuanze na paa la kanisa lenyewe: mifereji itawekwa na tangi litajengwa nyuma ya darasa la Sunday school. Wanaojua kazi ya bati, mkutane na mashemasi baada ya ibada.

Maswali ya seli: Ni kisima gani cha wazazi wako ambacho familia yenu imekifukia? Kuna Eseki gani kati yako na jirani? Mungu akijibu maombi yako ya mvua usiku huu, maji yataingia wapi?

Tuombe. Baba, wewe uliyemwona Isaka katika mwaka wa njaa, utuone na sisi. Utupe mvua kwa kiasi na kwa wakati. Utusamehe pale tulipomhukumu jirani kwa sababu ya shamba lake kukauka. Wape akina mama wanaolima nguvu za mgongo na haki ya ardhi wanayoilima. Wape vijana wetu macho ya kuona udongo kama kazi. Uifundishe mikono yetu kuchimba, na siku moja watoto wetu waje kutuambia kama watumishi walivyomwambia Isaka, kwamba maji yamepatikana. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.